Mafuta kwenye tope la mikoko: mzazi ajue nini kuhusu samaki, chaza na dumu la petroli

Maji yanapokupwa Mlingotini, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, hori lote hugeuka uwanja wa kazi. Kina mama huenda kwenye mashamba ya mwani, watoto hufukua kaa na kuokota chaza kwenye mizizi ya mikoko, na mafundi hutumia saa hizo kukarabati boti zilizolala mchangani. Penye boti ya injini hapakosi dumu la petroli, na penye fundi hapakosi oili chafu. Kidogo kikidondoka, utaona rangi za upinde wa mvua juu ya kidimbwi. Maji yakijaa, rangi zinapotea.

Mzazi wa pwani ana haki ya kuuliza: mafuta yale yameenda wapi, na je, yanarudi kwenye sahani ya mwanangu?

Jibu la swali la kwanza ni kwamba sehemu yake huruka hewani, sehemu huliwa na bakteria, na sehemu huzama kwenye tope na kukaa humo kwa miaka. Jibu la swali la pili huwashangaza wengi. Samaki si njia kubwa ya mafuta hayo kumfikia mtoto. Chaza anahitaji uangalifu zaidi kuliko samaki. Lakini hatari iliyo karibu zaidi na mtoto ni lile dumu lenyewe, pamoja na moshi wa jikoni, ambao una kemikali za ukoo uleule. Wiki hii tuyaangalie haya moja baada ya jingine, ili hofu yetu iende panapostahili.

Jinsi tope linavyoshika mafuta

Petroli, dizeli, mafuta ya taa na oili vyote ni mchanganyiko wa kemikali zinazoitwa haidrokaboni, yaani kemikali zilizoundwa kwa kaboni na haidrojeni. Zilizo nyepesi, ambazo ndizo nyingi kwenye petroli, huruka hewani ndani ya saa au siku chache kwa jua letu. Zilizo nzito hazipatani na maji. Hutafuta kitu cha kung'ang'ania, na chembe laini za tope lililojaa mabaki ya majani ya mikoko huzishika vizuri sana. Ndiyo maana ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi husafika mapema, ilhali tope la mlango wa mto au la ndani ya hori linabaki na uchafu.

Sababu ya pili ni hewa. Ukishuka sentimita chache tu chini ya uso wa tope la mikoko, oksijeni imekwisha. Ile harufu ya mayai viza inayotoka mguu unapozama ni dalili yake. Bakteria wanaokula mafuta hufanya kazi haraka palipo na oksijeni. Pasipo na oksijeni, kazi yao huwa ya kujivuta.

Wenzetu wa Marekani walijifunza jambo hili kwa muda mrefu. Septemba 1969 tishali liitwalo Florida lilimwaga mafuta yanayofanana na dizeli karibu na West Falmouth, jimbo la Massachusetts, na mafuta hayo yakaingia kwenye nyasi za majini za ghuba ndogo. Wanasayansi wa taasisi ya bahari ya Woods Hole waliporudi baada ya miaka 30, waliyakuta mafuta bado yako chini ya tope. Walikuta pia kuwa kaa wa hapo walichimba mashimo mafupi kuliko kawaida, kwa sababu walikwepa tabaka lenye mafuta.

Hapa jirani, mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika mkondo wa Makupa mjini Mombasa na kuua mikoko. Mkoko hupumua kwa mizizi yake inayochomoza juu ya tope. Mizizi hiyo ikipakwa mafuta, mti hukosa hewa kama mtu aliyezibwa pua. Na Julai 2020 meli ya MV Wakashio ilipokwama kwenye miamba ya Mauritius, tani zipatazo 1,000 za mafuta ziliingia baharini na kufika hadi kwenye mikoko.

Hata pasipo na ajali, pwani yetu hupokea uchafu kidogo kidogo. Mvua huosha oili na masizi ya barabarani kuyapeleka mitaroni, mitaroni hadi mtoni, mtoni hadi baharini. Meli zinazopita mbali huacha mafuta ambayo yakikaukia juani hugeuka mabonge meusi kama lami, yanayookotwa kwenye fukwe nyingi za Afrika Mashariki. Tukumbuke pia kuwa mkondo wa bahari wa pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima. Kinachoelea kutoka upande wa Dar es Salaam kinaweza kusogea upande wa Bagamoyo.

Walichokikuta watafiti Dar es Salaam

Mwaka 2009 jarida la kimataifa la masuala ya uchafuzi wa mazingira lilichapisha utafiti wa Gaspare, Machiwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioshirikiana na wataalamu wa Leipzig, Ujerumani. Walichukua tope na chaza kutoka maeneo ya pwani ya Dar es Salaam yanayofunikwa na kufunuliwa na maji, wakapima kundi moja la haidrokaboni ambalo madaktari hulihofia zaidi. Molekuli za kundi hili zina pete kadhaa za kaboni zilizoungana, kwa hiyo hapa tutaziita haidrokaboni za pete. Zimo kwenye oili na dizeli, na huzalishwa pia kila kitu kinapoungua: kuni, mkaa, takataka, sigara, mafuta ya gari.

Matokeo yao yanafaa kusomwa taratibu. Kwenye tope, kiasi kilikuwa kati ya nanogramu 78 na nanogramu 25,000 kwa kila gramu ya tope kavu. Yaani sehemu chafu zaidi ilikuwa na zaidi ya mara 300 ya sehemu safi zaidi, ndani ya pwani ya jiji moja. Katika maeneo sita kati ya manane yaliyopimwa, kiasi kilitosha kuweza kuwadhuru wadudu na viumbe wanaoishi ndani ya tope pamoja na chaza wenyewe.

Kwenye nyama ya chaza, kiasi kilikuwa kati ya nanogramu 170 na 650 kwa gramu kavu. Tofauti kati ya chaza wa chini na wa juu haifiki hata mara nne. Tena, chaza waliotoka penye tope chafu hawakuwa lazima ndio wenye uchafu mwingi. Aina za kemikali zilizokutwa kwenye chaza zilitofautiana na za kwenye tope la mahali hapohapo, jambo linaloashiria kuwa vyanzo vyake ni tofauti. Chaza huchuja maji yanayopita na kutwaa kilichomo majini wakati huo. Tope ni kama daftari la miaka mingi iliyopita.

Kwa mlaji, hitimisho la watafiti lilikuwa hili: mchango wa chaza hao katika hatari ya saratani kwa binadamu ulionekana kuwa mdogo. Ikiwa ni hivyo katika pwani ya jiji lenye bandari, viwanda na mamilioni ya watu, mzazi wa kijiji cha wavuvi hana sababu ya kumwondolea mtoto samaki mezani kwa hofu ya mafuta.

Samaki hujisafisha, chaza huchelewa

Tofauti kati ya samaki na chaza iko kwenye ini. Samaki mwenye mapezi ana ini lenye vimeng'enya vinavyovunja haidrokaboni za pete na kuzitoa kupitia nyongo ndani ya siku chache. Zinazofika kwenye minofu ni kidogo. Chaza, kombe na wengine wa jamii ya magamba mawili hawana uwezo huo wa kutosha. Wanazikusanya, na huhitaji kukaa wiki kadhaa kwenye maji safi ili zipungue. Kaa na kamba wako katikati, na kwao uchafu hukaa zaidi kwenye ile sehemu laini ya rangi ya njano au kahawia iliyo chini ya gamba la kaa na ndani ya kichwa cha kamba.

Kutokana na hayo, mama au baba anayeandaa chakula azingatie haya:

Endelea kumpa mtoto samaki. Changu, tasi, kibua na dagaa humpa protini, madini ya joto na mafuta mazuri yanayojenga ubongo. Toa matumbo na nyongo, uoshe vizuri.

Usichukue chaza, kombe wala kaa mahali boti zinapotiwa mafuta na kufanyiwa ukarabati, kwenye mlango wa mtaro wa mji, au kwenye nguzo za gati. Nenda nao mbali, penye maji yanayoingia na kutoka.

Kaa au kamba akitoka eneo unalolitilia shaka, toa ile sehemu laini ya njano kabla ya kupika.

Tumia pua yako. Baada ya kisima cha mafuta kupasuka katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, mamlaka za Marekani zilitumia watu waliofunzwa kunusa samaki, pamoja na vipimo vya maabara, kabla ya kuruhusu uvuvi urudi. Kitoweo kinachonuka dizeli au mafuta ya taa kisiliwe, hata kikiwa kibichi kabisa kutoka majini. Lakini kisichonuka nacho hakithibitishi usafi kamili, maana haidrokaboni nzito hazina harufu kali. Ndiyo sababu mahali anapotoka chaza pana uzito kuliko harufu yake.

Usitegemee moto wala ndimu kuondoa mafuta. Kupika hakuondoi haidrokaboni za pete. Hata hivyo pika chaza waive kabisa, usimpe mtoto chaza mbichi. Chaza anayeishi karibu na mtaro hubeba pia vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A. Vijidudu hivyo vinaweza kumlaza mtoto wodini wiki hii, na kupika vizuri ndiko kunakoviua.

Saratani: tuogope kiasi gani?

Katika ukoo wa haidrokaboni za pete, inayojulikana zaidi ni benzopireni. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) imeiweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ushahidi umethibitisha kuwa vinaweza kusababisha saratani kwa binadamu. Wasomaji wengi hushtuka wakisikia hivyo. Ni vizuri kujua kuwa kundi hilo linaeleza uhakika wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari. Mionzi ya jua imo humo, na nyama za kusindika kama soseji zimo. Kinachoamua hatari ni kiasi, na ni muda gani mtu anakipata.

Kisa cha kwanza kinachofahamika vizuri kilitokana na masizi. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa watu waliofanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi tangu utotoni. Walikuwa wakipakwa masizi kila siku, kwa miaka. Hiyo ni tofauti sana na mlo wa chaza mara moja kwa wiki.

Tukihesabu kwa haki, kwa familia nyingi za pwani chanzo kikubwa cha haidrokaboni za pete ni moshi wa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha. WHO inakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto hao hufa kwa nimonia na maambukizi mengine ya kifua. Ndiyo maana mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Samaki wa kukausha kwa moshi naye aangaliwe. Moshi humpaka kemikali zilezile. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha maikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo ya samaki wa moshi, wakati kwa chaza wabichi kikomo ni maikrogramu 5. Huhitaji maabara kupunguza kiasi hicho jikoni kwako. Usiache mafuta ya samaki yadondokee moto na kurudi juu kama moshi mweusi. Tumia kuni kavu, usichochee moto kwa plastiki wala kwa mbao zilizopakwa oili chafu au rangi. Mbadilishie mtoto: leo samaki wa moshi, siku nyingine wa kuchemsha au ng'onda wa kukaushwa juani.

Mjamzito

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwafuatilia wajawazito jijini New York na Kraków, Poland. Walipima haidrokaboni za pete kwenye hewa ambayo mama alivuta akiwa na mimba, kisha wakawapima watoto walipofikia miaka mitano. Watoto ambao mama zao walivuta kiasi kikubwa walipata alama za chini katika vipimo vya akili kuliko wenzao. Chanzo huko kilikuwa moshi wa magari na makaa ya mawe, lakini kemikali ni zilezile.

Kwa hiyo mama mjamzito asikae juu ya moshi muda mrefu. Jiko lihamishiwe penye hewa, na mtu mwingine amsaidie kubanika samaki. Asifue nguo za fundi zilizolowa oili kwa mikono mitupu. Na asiache kula samaki, kwa sababu mtoto tumboni anawahitaji. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Hakuna lolote katika makala haya linaloweza kuwa sababu ya kumwachisha mtoto ziwa.

Hatari ya leo hii: dumu na chupa

Sasa tufike kwenye jambo ambalo likitokea halingoji miaka. Vijijini kote, petroli na mafuta ya taa huuzwa na kutunzwa kwenye chupa za maji ya kunywa na za soda. Mtoto wa miaka miwili haoni mafuta. Anaona chupa ya maji. Huko ufukweni, kijana anayejifunza kazi ya boti huvuta petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira ili kuihamisha kutoka dumu moja hadi jingine.

Mafuta haya huua kupitia mapafu. Ni mepesi na yanateleza. Mtoto akipaliwa hata kidogo, yanaingia kwenye njia ya hewa na kutapakaa mapafuni, na kusababisha nimonia ya kemikali. Ndiyo maana maelekezo ya WHO kwa wahudumu wa afya ni kwamba mtoto aliyekunywa mafuta ya jamii ya petroli asitapishwe. Yakipanda tena kooni, anapata nafasi ya pili ya kupaliwa.

Mtoto akinywa petroli, dizeli, mafuta ya taa au oili:

Usimtapishe kwa kidole, kwa maji ya chumvi wala kwa njia nyingine yoyote.

Usimlazimishe kunywa maziwa, dafu au mafuta ya kula. Tumbo likijaa, atatapika.

Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji. Mvuke unaotoka kwenye nguo nao unaingia mapafuni.

Mpeleke kituo cha afya mara moja hata kama anacheza kama kawaida, na nenda na chupa yenyewe ili mhudumu ajue alichokunywa. Dalili za kifua kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa sita, kwa hiyo usishangae ukiambiwa mtoto abaki kituoni aangaliwe.

Dalili za hatari ni kikohozi kisichokatika, kupumua haraka, mbavu kuingia ndani anapovuta pumzi, midomo kugeuka rangi ya buluu, kusinzia kupita kiasi au degedege. Kupumua haraka unaweza kukupima mwenyewe kwa saa, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni nyingi mno.

Kinga yake haina gharama. Mafuta yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Yakae kwenye dumu lenye kifuniko kigumu, liwe na alama, liwekwe juu au lifungiwe. Na kwa vijana wa boti, pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta ni rahisi kuliko kulazwa na oksijeni puani.

Ngozi na macho

Fundi au mvuvi ambaye mapaja na mikono yake hulowa oili mara kwa mara anaweza kutoka vipele vyeusi au vyenye usaha kwenye vinyweleo, au ngozi ikakauka, ikawasha na kupasuka. Dawa ya kwanza ni kuacha kuvaa nguo zilizolowa oili na kunawa kwa sabuni kila baada ya kazi. Usisafishe oili mwilini kwa petroli. Petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuifungulia njia kemikali nyingine. Bonge la lami likimganda mtoto mguuni, lipake mafuta ya kula, lisugue taratibu mpaka lilainike, kisha osha kwa sabuni. Mafuta yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

Kwa kina mama wa mwani, tusikimbilie kulaumu mafuta kwa kila muwasho. Kukaa saa nyingi kwenye maji ya chumvi na jua, kuguswa na viumbe wanaochoma na kusuguana na kamba vyote huleta vipele. Vaa nguo ya mikono mirefu, viatu na kofia, oga maji baridi yasiyo na chumvi ukitoka, na muwasho usiopungua kwa wiki mbili mwonyeshe mhudumu wa afya.

Kulinda tope kabla halijachafuka

Kama tulivyoona, tope likishashika mafuta, hakuna ufagio wa kulifagia. Kulifukua ni kuua mikoko na kuyatawanya mafuta upya. Hilo lina uzito wa pekee kwa Mlingotini. Mbegani, jirani kabisa, ndipo palipopangwa kujengwa bandari kubwa ya Bagamoyo. Makubaliano ya awali yalitiwa saini Machi 2013, mradi ukasimama mwaka 2019, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuufufua. Bandari huleta ajira, na huleta meli na mafuta pia. Upande wa kaskazini zaidi, bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kwa miradi ya namna hii na wananchi washirikishwe. Katika mikutano hiyo, mzazi anaweza kuuliza swali moja la afya: tope na chaza wetu vimepimwa kabla ya kazi kuanza, na vitapimwa tena kila baada ya muda gani? Bila kipimo cha mwanzo, baadaye hakuna atakayethibitisha kilichoongezeka.

Tusingoje miradi mikubwa, hata hivyo. Oili chafu ya injini za boti zetu ni yetu wenyewe. Ikikusanywa kwenye dumu badala ya kumwagwa mchangani, haifiki kwenye mikoko. Injini ifanyiwe kazi juu ya mstari wa maji kujaa, na beseni liwe chini yake. Boti isioshwe kwa petroli ndani ya hori. Mafuta yakimwagika, usiyamwagie sabuni ya unga. Hayatakuwa yamekwisha. Yatakuwa yamevunjika vipande vidogo na kuchanganyika na maji, yakawafikia kwa urahisi zaidi viumbe wanaochuja maji kama chaza. Na yakishafika kwenye mikoko, watu wasiingie kuyakanyaga, maana kila nyayo huyasukuma chini, kule kusiko na hewa. Watoto wazuiwe, na taarifa itolewe mara moja kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), serikali ya kijiji na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Mkutano ujao wa BMU unaweza kumaliza mambo mawili kwa jioni moja: kuchagua sehemu moja ya kufanyia ukarabati wa boti, juu ya mstari wa maji na mbali na wanakookota chaza, na kuweka hapo pipa moja la oili chafu lenye kifuniko. Nyumbani, kazi ya leo jioni ni fupi zaidi. Angalia chini ya meza, nyuma ya mlango na kando ya jiko. Ukikuta chupa ya soda yenye mafuta, ihamishe kabla mtoto hajapata kiu.